Namugongo: Mahujaji Walitangulia, Kanisa Likafuata



Baba Paroko, watawa, mwalimu wa kwaya, waimbaji wa Lodwar na wenzetu mliofika kutoka Kakuma: nimeombwa nieleze historia ya Namugongo, kwa kuwa kwaya imeazimia kuhiji huko baada ya Jubilei.

Wengi tunaijua Basilika kwa picha tu: umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, nguzo 22 kuizunguka, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Jengo lenyewe si la kale, lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975. Kilicho cha kale ni njia. Mwishoni mwa Mei 1886 Kabaka Mwanga alitoa hukumu pale Munyonyo, na vijana wa ikulu wakatembezwa wamefungwa hadi Namugongo. Baadhi waliuawa njiani. Waliofika walingoja wiki nzima kifungoni huku kuni zikikusanywa, hata ikafika Alhamisi ya Kupaa Bwana, tarehe 3 Juni. Karoli Lwanga alichomwa peke yake, na Basilika imesimama mahali hapo. Kizito alikuwa na miaka kama 14, umri wa watoto wetu wa sauti ya kwanza.

Waanglikana na Wakatoliki walichomwa pamoja siku ile. Nasema hivi kwa sababu nimesikia mtu akiuliza kama mpiga ngoma wetu asiye Mkatoliki ataruhusiwa kupanda basi. Apande, tena akae mbele.

Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Alipokuja Uganda mwaka 1969 na kusali Namugongo, kanisa lilikuwa bado halijakamilika. Mahujaji walitangulia, kuta zikafuata.

Turkana pia ni hivyo hivyo. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick walifika mwaka 1961, wakati wa njaa, na ibada ikaanza karibu na mahali watu walipopewa chakula. Jimbo la Lodwar lilikuja baadaye, mwaka 1978. Na mwaka 1992 Kakuma ilipokea vijana kutoka Sudan waliotembea kwa miguu nchi baada ya nchi. Baadhi yenu mliomo katika kwaya hii ni watoto wao.

Sasa nauli. Hesabu ya mweka hazina inatosha basi moja, kupitia Kitale hadi Kampala. Lakini ndugu wakimbizi hawatoki kambini bila kibali, sembuse kuvuka mpaka, na kuna waliopendekeza kwamba walio na vitambulisho watangulie. Mimi napinga. Waliokuja Kakuma kwa miguu wakibaki nyuma ya uzio, tutakuwa tumeenda kutalii.

Ombi langu: maombi ya vibali yapelekwe wiki hii, majina yote kwa pamoja. Vikikosekana, fedha zibaki benki, na tarehe 3 Juni sisi wa Lodwar tupande basi kwenda Kakuma, tushuke kabla ya mji, tutembee tukiimba hadi kanisani kambini. Katibu ana karatasi ya majina pale mlangoni.