Tuandike Majina ya Miti Yetu



Wiki iliyopita tulikwenda kutembelea bustani ya mzee mmoja wa kijiji chetu. Mzee huyu amekusanya miti kwa zaidi ya miaka 40. Kila aliposafiri, alirudi na mbegu au mche. Leo ukiingia humo, jua hulioni.

Tuliona mvule ambao watu watatu hawawezi kuuzungushia mikono. Tuliona mninga. Tuliona pia mwarobaini na mlonge, miti ambayo asili yake ni Bara Hindi.

Kwenye ua akatuonyesha mbono kaburi. "Mafuta yake huwasha taa," alisema, "lakini mbegu msile. Zinatapisha na kuharisha vibaya." Jamani, mmoja wetu alishtuka! Nyumbani kwake watoto huzichezea kila siku.

Tukamwuliza: "Mzee, mambo yote haya umeyaandika wapi?" Akagusa kichwa chake: "Humu."

Tukanyamaza. Mzee hajui kuandika, na umri umekwenda. Akiondoka, nani atajua mti upi ni dawa na upi ni sumu?

Basi tukaanza kazi. Yeye anataja, sisi tunaandika kwenye vibao: jina la mti, ulikotoka, faida yake na hatari yake. Hatukumaliza. Jumamosi tunarudi.

Nawe, ndugu, chukua daftari uende kwa babu au bibi yako. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kalamu tunayo sasa. Tuitumie mapema.