Fidia ya Adhabu kwa Aliyedhalilishwa



Mwanamke aliyenajisiwa aweza kumshitaki mkosaji kwa kesi ya madai pia, mbali na ile ya jinai. Fidia ya kawaida humlipa maumivu yake. Fidia ya adhabu humtia adabu mkosaji. Lakini mwaka 1964, katika shauri la Rookes dhidi ya Barnard, Lodi Devlin wa Uingereza aliifungia fidia hiyo milango, akaacha michache, mmojawapo ukiwa wa mtumishi wa serikali atumiaye madaraka kwa uonevu. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaifuata kanuni hiyo. Hivyo askari anajisiye mahabusu aweza kutozwa. Tajiri amtendeaye vivyo mtumishi wake wa nyumbani, ni vigumu. Huyo mtumishi, ajabu iliyoje, hubaki kuomba fidia iongezwe kwa ajili ya fedheha tu.