UTAFITI WA AFYA NA NGAZI ZA SERIKALI: FUNZO LA MBU WA DAR ES SALAAM



Tanzania haikosi wataalamu wa afya, wala haikosi dawa ambazo ubora wake umekwisha thibitishwa. Kinachokosekana mara nyingi ni njia ya uhakika ya kuzifikisha dawa hizo, kila wiki na bila kukatika, kwa mama wa Mbagala, Tandale au Manzese. Utafiti unaoichunguza njia hiyo ndio uitwao utafiti wa utekelezaji. Utafiti huo hauulizi kama dawa inaua vijidudu, maana hilo hujibiwa katika maabara. Huuliza kama Serikali, kwa watumishi wake, mafungu yake na ngazi zake, inaweza kuitumia dawa hiyo kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo mtafiti asiyezijua ngazi za Serikali amekosa sehemu kubwa ya somo alilokuja kujifunza.

NGAZI ZILIVYOJENGWA

Ngazi hizo zina historia yake. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani ili mambo ya maendeleo yasiamuliwe na Wizara za Dar es Salaam peke yake. Shabaha ilikuwa njema. Hata hivyo, mpango huo ulikwenda sambamba na kuvunjwa kwa mabaraza ya wenyeji, na mwaka 1974 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam nayo ikafutwa. Usafi wa miji ulizorota, na kipindupindu kikaenea. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za Serikali za Mitaa ambazo, pamoja na marekebisho yake, ndizo msingi wa halmashauri hadi leo. Taifa lilijifunza kwa gharama kubwa kwamba afya ya mji haiwezi kusimamiwa na mtu aliye mbali na mitaro yake.

Mwaka 2000 Jiji liligawanywa katika Manispaa tatu, yaani Kinondoni, Ilala na Temeke. Katika miaka ya 2015 na 2016 Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Jambo hili laonekana dogo, lakini si dogo kwa mwenye kuhesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,775,049 katika Kinondoni na 1,368,881 katika Temeke. Mtu akichukua hesabu hizo na kuzilinganisha na za sensa ya mwaka 2022 bila kuuliza mipaka, atadhani watu wamekimbia, kumbe mipaka ndiyo iliyohama.

Huduma zenyewe ziko chini ya mapaa mawili. Wizara ya Afya hutunga sera na kutoa miongozo ya tiba na kinga. Ofisi inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa husimamia halmashauri, nazo halmashauri ndizo zenye zahanati na vituo vya afya. Mkoani yupo Mganga Mkuu wa Mkoa, chini ya Katibu Tawala. Katika Manispaa yupo Mganga Mkuu wa Manispaa, ambaye mkuu wake wa kazi ni Mkurugenzi wa Manispaa. Chini yao ziko kata na watendaji wake, na chini ya kata iko mitaa yenye wenyeviti waliochaguliwa na wananchi.

Mwishoni mwa mwaka 2017 Serikali iliamua kuwa hospitali za rufaa za mikoa zirudi chini ya Wizara ya Afya. Kwa Dar es Salaam hospitali hizo ni Mwananyamala, Amana na Temeke. Tangu hapo mgonjwa anayetoka zahanati ya Manispaa huko Mbagala kwenda Hospitali ya Temeke huvuka mpaka wa mamlaka bila yeye kujua. Mtafiti anayetaka kumfuata mgonjwa huyo toka zahanati hadi wodini hana budi kubisha hodi katika milango miwili.

MFANO WA VITA DHIDI YA MBU

Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam lilianzisha mpango wa kupambana na malaria kwa kuua viluwiluwi vya mbu katika mazalio yao. Mpango huo ulihusu kata 15, tano katika kila Manispaa, zenye wakazi zaidi ya 600,000. Watafiti walioshirikiana na Jiji hawakujenga utawala wao pembeni, bali waliupitisha mpango katika utawala uliopo: Jiji, Manispaa, kata, mtaa, na hatimaye mashina ya nyumba kumi kumi, utaratibu ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960. Mashina zaidi ya 3,000 yalitumika kugawa eneo la kazi na kuchora ramani. Wahudumu walitoka miongoni mwa wananchi, wakalipwa takriban shilingi 3,000 kwa siku kwa utaratibu uleule wa vibarua uliotumiwa na Manispaa kwa kazi kama kufagia barabara na kuzoa taka.

Machi 2006 dawa ilianza kuwekwa katika kata tatu: Mikocheni ya Kinondoni, Buguruni ya Ilala na Kurasini ya Temeke. Mwaka 2007 zikaongezwa kata sita, na mwaka 2008 zikafika zote 15. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa maambukizi ya malaria yalikuwa machache zaidi mahali palipowekwa dawa.

Lakini watafiti hawakutosheka na sifa. Waliwafuata wahudumu nyuma, wakakagua upya maeneo waliyokwisha kuyakagua, na mwaka 2009 wakachapisha waliyoyaona. Kati ya madimbwi na mazalio 2,965 yenye maji, wahudumu walikuwa wameyaripoti 1,963, yaani kama theluthi mbili. Kati ya mazalio 230 yaliyokuwa na viluwiluwi vya mbu wa jamii ya Anofelesi, ambao ndio waenezao malaria, wahudumu walivigundua katika mazalio 29 tu.

Sababu zake zafaa kuzingatiwa na kila kiongozi. Mhudumu asiyelijua vema eneo alilopangiwa alikuwa na nafasi ndogo sana ya kuyaona madimbwi yake. Hali kadhalika, nyumba yenye ua ilimpunguzia mhudumu uwezekano wa kuona kilichomo ndani. Hapo ndipo ukubwa wa jambo unapodhihirika. Dawa ilikuwa nzuri na ramani zilikuwapo, lakini kazi iliweza kukwama kwenye lango moja lililofungwa, au kwa sababu mtu amepangiwa mtaa usio wake. Mgeni mwenye barua ya Wizara asingefunguliwa lango hilo kwa nguvu ya barua peke yake. Linahitaji mjumbe anayejulikana na mwenye nyumba, na Mwenyekiti wa Mtaa anayeweza kuita mkutano na kueleza.

Funzo hilo halijachakaa. Kule Kibaha kimejengwa kiwanda cha viuadudu kwa ushirikiano na Kuba, na Juni 2017 Rais John Magufuli aliziagiza halmashauri zinunue dawa zake. Kununua dawa ni hatua ya kwanza. Kuhakikisha inafika katika kila dimbwi la Mbagala na Tandale ni kazi nyingine, na kazi hiyo haimaliziki ghalani.

WAJIBU WA PANDE MBILI

Wako watafiti wanaoziita ngazi hizi urasimu mtupu. Kwa sheria, utafiti wa afya hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia ya mwaka 1986 nayo ina sehemu yake. Vibali hivyo vipo kwa ajili ya kumlinda mwananchi asigeuzwe chombo cha majaribio. Lakini kibali humpa mtafiti ruhusa tu, hakimpi ushirikiano. Ushirikiano hutafutwa kwa Mganga Mkuu wa Manispaa kabla mpango wa mwaka wa halmashauri haujafungwa, kwa muuguzi wa zahanati mwenye foleni mlangoni, na kwa Mwenyekiti wa Mtaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa upande wa pili, watendaji nao hawana budi kujihoji. Faili linalolala miezi mezani bila sababu halimlindi mwananchi yeyote. Ofisi inayomrusha mtafiti kwa jirani, na jirani akamrudisha, huutia aibu utumishi wa umma. Yafaa kila Manispaa iwe na mtumishi anayejulikana wa kupokea shughuli za utafiti, kuzieleza ngazi na kutunza orodha ya tafiti zilizofanyika. Pia yafaa matokeo yarudishwe kwa utaratibu uleule yaliyotokea: kwa Baraza la Madiwani, kwa zahanati, na katika mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mama aliyekubali mwanawe atolewe damu kwa ajili ya kupimwa malaria ana haki ya kuambiwa kilichoonekana.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia Watanzania wengi kupitia redio na vikundi vya kusoma, kwa sababu iliwakuta wananchi mahali walipo. Watafiti na watendaji wa leo wanadaiwa moyo huohuo. Ngazi ya Serikali ilijengwa ipandwe na maoni ya wananchi na ishukwe na huduma. Utafiti unaoishia kwenye kabati la Wizara haujamaliza safari yake. Utakuwa umeimaliza siku mhudumu wa Kurasini au Mikocheni atakapofunguliwa lango, akaliona dimbwi lililokuwa limefichika, na mtoto wa nyumba hiyo akalala salama.