HERUFI CHAKAVU KATIKA FULANA ZA CHAMA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nyayo Highrise)

Twawashukuru kwa kuja jioni hii baada ya kazi, na wengine mmetembea toka Kibera na Kawangware. Tumeombwa tuseme juu ya fulana za chama, kwa kuwa fedha zilizotumika ni fedha zenu.

Mwajua kwamba tulitaka fulana za kuukumbuka mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, wakati watu wa reli na watu wa bandari walipoweka kazi chini pamoja, na Bw. Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Tulitaka herufi zenye sura ya ukuukuu, kama zile za mabehewa ya zamani zilizoliwa na jua na mvua. Tukachagua herufi chakavu katika kompyuta kwa kuwa zilipendeza macho. Fulana zilipofika, kichwa cha saba kilikuwa kimefutika, na watu wakasoma 1941. Mzee mmoja mstaafu akatuuliza, "Vijana, mgomo huo ulikuwa upi?" Tuliona haya.

Kosa halikuwa la mpiga chapa, lilikuwa letu. Basi haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, mchoro uwe wa vekta, yaani wa mistari inayopimwa kwa hesabu, ili ukikuzwa kingo zake zisiharibike. Programu ya Inkscape hufanya kazi hiyo bila malipo. Maneno yakiisha kusahihishwa, wekeni nakala moja, kisha geuzeni herufi za nakala ya pili ziwe michoro. Msipofanya hivyo, na fundi hana herufi zile, kompyuta yake yaweza kuweka nyingine mahali pake.

Pili, mikwaruzo iwe matundu ya kweli yaliyokatwa katika herufi, si vidoa vyeupe vilivyobandikwa juu. Katika tundu la kweli rangi ya nguo huonekana yenyewe.

Tatu, katika uchapaji wa wavu wino hutanda kidogo. Tundu dogo mno huzibika, na kidoa kidogo mno hakishiki. Futeni vilivyo chini ya nusu milimita. Tena msikwaruze kiungo kinachoitambulisha herufi, kama kichwa cha 7 au mkono wa 4.

Nne, A mbili za namna moja huwa na mkwaruzo ule ule mahali pale pale, na msomaji hutambua kwamba uchakavu ni wa kuigiza. Badilisheni mmoja.

Tano, kama fulana zitabandikwa plastiki kwa mashine ya joto, tumieni herufi safi. Kila kidoa hukatwa na mashine, na vipande vya ziada hung'olewa kwa mkono, kimoja kimoja. Kazi hiyo haina mwisho.

Mwisho, chapeni karatasi moja kwa kipimo chenyewe, mwitundike ukutani, mwiteni mtu asiyejua habari zake aisome toka hatua kumi. Akisoma sawasawa, chapeni fulana moja tu ya kujaribu. Ndipo mlipe zilizobaki.

Ndugu, waliogoma mwaka ule hawakuacha mali nyingi. Waliacha mfano, na mwaka wake. Tusiufute kwa mikono yetu wenyewe.

Umoja ni nguvu.