Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

(Hotuba iliyosomwa barazani Isiolo na mtafsiri wa serikali, juu ya mapatano ya kijeshi baina ya Kenya na Uingereza)

Kazi yangu ni kufasiri. Barua ijapo kwa Kiingereza, mimi huigeuza iwe Kiswahili, kisha wenzangu huipeleka kwa Kiborana, Kisamburu, Kiturkana, Kisomali na Kimeru. Leo nataka kuwafasiria jambo zito kuliko barua: urafiki wa kijeshi wa nchi mbili, na uchungu ulioingia ndani yake.

Mapatano haya si ya jana. Kenya ilipata uhuru mwezi wa Desemba 1963. Mwezi uliofuata askari wetu wa Lanet waliasi, na serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ikawaita askari wa Kiingereza wasaidie kutuliza ghasia. Mwaka huo huo wa 1964 serikali hizo mbili zilipatana juu ya mambo ya ulinzi. Tangu wakati ule vikosi vya Uingereza vimekuwa vikija kujizoeza vita katika nchi yetu ya jua na vumbi. Makao yao yako Nanyuki, na kikosi chao huitwa BATUK.

Tusiwe watu wa kusema upande mmoja tu. Kenya nayo imepata faida. Maofisa wetu wamefundishwa, majeshi yamesaidiana katika vita juu ya Al-Shabaab, na watu wengi wa Nanyuki wamepata kazi na wateja. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini yatupasa kuuliza: je, mwenyeji amepona?

Ukitoka hapa Isiolo kwenda kaskazini, mwendo usiotimia kilomita 50, wafika Archer's Post, kwenye daraja la Ewaso Ng'iro. Huko kuna uwanja wa kulenga shabaha, nao ni malisho pia. Katika karatasi zetu twaandika neno "mazoezi". Ni neno jema, la mtu ajifunzaye. Walakini kombora lisilopasuka halijui kwamba vita ilikuwa ya mazoezi. Hulala mchangani miaka mingi, hata siku moja mtoto mchungaji akaliokota, akidhani ni chuma cha kuchezea. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 jumla ya paundi milioni 4.5, kwa ajili ya vifo na majeraha ya namna hii huko Archer's Post na Dol Dol. Ni haki kusema pia kwamba jeshi letu wenyewe hujizoeza katika viwanja hivyo. Lakini mama aliyefiwa hamwulizi mwenye kombora ni nani kwanza, ndipo alie.

Mambo mengine yakafuata. Mwaka 2012 mwanamke kijana wa miaka 21, mwenye mtoto mchanga, aliuawa Nanyuki, na maiti yake ikaonekana katika tangi la maji machafu la hoteli. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema kwamba aliuawa na askari wa Kiingereza. Mwezi wa Machi 2021 moto ulizuka katika shamba la Lolldaiga wakati wa mazoezi, ukateketeza maelfu ya ekari. Mwaka 2025 Uingereza ilikubali kulipa karibu paundi milioni 2.9 kwa watu zaidi ya 7,000.

Sasa mtaona kwa nini marafiki hawa walianza kutazamana kwa jicho la shaka. Mapatano mapya yalitiwa sahihi mwezi wa Julai 2021, na Bunge la Kenya liliyajadili mwaka 2023. Neno lililowakera wengi lilikuwa hili: askari mgeni akimwua raia, nani atamhukumu? Baadaye kamati ya Bunge ilikuja kusikiliza wananchi, na taarifa yake ilipotoka mwaka 2025 ilisema kwamba BATUK haikufika mbele yake, kwa kudai kinga ya kibalozi.

Nilipomfasiria mzee mmoja neno hilo "kinga", alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kinga huwekwa juu ya adui au maradhi. Ikiwa wao ni rafiki zetu, wajikinga na nani?" Nami nimefasiri miaka mingi, lakini sikuwa na jibu.

Hata hivyo, haki haikulala kabisa. Mwezi wa Septemba 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa hati ya kumkamata mtu aliyekuwa askari wa Uingereza, kwa shauri la yule mwanamke wa Nanyuki. Mwezi wa Novemba mtu huyo alikamatwa huko kwao. Kukamatwa si kuhukumiwa, na tusimtangulie hakimu. Lakini miaka 13 ilikuwa imepita, na yule mtoto mchanga alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa.

Fundisho langu ni moja. Urafiki wa nchi haujulikani kwa maneno yasemwayo London na Nairobi wakati wa kutia sahihi. Hujulikana siku mgeni aitwapo na wazee wa mji aje ajibu. Akija, ni rafiki. Asipokuja, hata zawadi zake huonza uchungu moyoni.

Mwisho, neno kwa wachungaji. Mkiona chuma msichokijua malishoni, msikiguse, msikitupie mawe, wala msiwashe moto karibu nacho. Kumbukeni mahali kilipo, ondoeni mifugo, kisha mpasheni habari chifu au polisi. Waambieni watoto usiku wa leo, kabla hawajalala, maana kesho alfajiri watatoka na mbuzi.