Musiishie kwa kile macho inaona: maneno juu ya Staff Benda Bilili



Mumeniomba niseme leo juu ya nidhamu ndani ya kundi. Nilianza kuandika hotuba yenye maneno makubwa ya chuo kikuu, kisha nikaipasua. Nitawaelezea tu historia ya orkestre moja ya Kinshasa, Staff Benda Bilili. Wakati ilijulikana dunia yote, wengi wetu tulikuwa bado masomo ya msingi.

Jina lenyewe ni la Lingala. Kwa Kiswahili tungesema: usiishie kwa kile macho inaona, angalia nyuma yake. Walioianzisha ni Ricky Likabu na Coco Ngambali. Wote wawili walipata polio wakiwa watoto, miguu ikabakia bila nguvu. Walikuwa wanatembea na tukutuku za magurudumu tatu, zile watu wanajitengenezea wenyewe na vyuma vya zamani. Kinshasa walemavu wengi walikuwa wanaishi na biashara ya kuvusha vitu kwa bato mpaka Brazzaville, juu walikuwa wanapunguziwa malipo ya njia. Mutu alikuwa anabeba mizigo, na jioni anapiga gitare.

Wanamuziki wengine hawakuwataka. Mulemavu atafika repetisho saa ngapi? Nani atamupandisha jukwaani? Basi hawakukaa kungojea orkestre kubwa iwaite. Walitengeneza yao. Repetisho walifanyia kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa, inje, chini ya miti.

Hapo njo akaingia Roger Landu, mutoto wa barabara. Hakukuwa na pesa ya chombo, akajitengenezea kimoja: mukebe mutupu, kipande cha muti kilichopindwa, na uzi moja tu. Akakiita satonge. Musikilize nyimbo zao, mutasikia ile sauti nyembamba inapanda juu ya magitare yote. Ni mukebe huo.

Muziki yao ilikuwa rumba ya wazee, na ndani yake kidogo ya reggae na ya Wamarekani weusi wa zamani. Lakini maneno yalikuwa ya maisha yetu. Wimbo moja unaomba wazazi wapeleke watoto kwa chanjo ya polio. Wimbo mwingine ulitoka kwa uchaguzi wa 2006, kuita watu waende kupiga kura. Fikirieni: watu wanalala juu ya kartoni, serkali haiwajui, na njo wao wanasimama kuambia raia kwamba kura yake iko na uzito. Hawakusema "kwanza mutulishe". Wewe na mimi wenye diplome, mara ngapi tunasema siasa haituhusu mpaka tupate kazi?

Njia haikuwa rahisi. Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, walikuwa wamewakuta barabarani na kuanza kuwapiga filme. Kituo walimokuwa wanakaa kikaungua moto. Kazi ikasimama. Wakaanza tena. Mwaka 2009 ikatoka albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, iliyotengenezwa na Mubelgiji Vincent Kenis, ambaye alirekodi sehemu kubwa palepale kwa bustani ya wanyama. Mwaka huohuo wakapewa zawadi ya WOMEX. Mwaka 2010 filme yao, Benda Bilili!, ikaonyeshwa Cannes. Watu wa tukutuku wakapanda ndege, wakajaza masale ya Ulaya. Mwaka 2012 ikafuata albamu ya pili, Bouger le monde.

Ningeweza kuishia hapo, mupige makofi, twende nyumbani. Lakini mwaka 2013 kundi lilipasuka. Coco na Theo Nzonza wakatoka, safari ya Ulaya ikafutwa. Hao wawili wakaanzisha Mbongwana Star, ambayo ilitoa albamu nzuri sana mwaka 2015, From Kinshasa. Ricky akaendelea na jina la zamani. Hawakuelewana tena juu ya namna ya kusimamia kundi. Sitahukumu mutu, sikuwa pale. Nasema tu hivi: njaa haikuwatenganisha, moto haukuwatenganisha. Walitengana wakati mambo yalikuwa mazuri.

Munajua kwa nini ninawaambia hii. Mwezi uliopita sisi wenyewe tulikaribia kupigana hapa, juu ya pesa kidogo sana ya kitambaa cha banderole. Nani aliishika, nani alitumia, nani hakuulizwa. Wawili hawajarudi mpaka leo. Na mimi nilikuwa kati ya wale waliopaza sauti. Niko na diplome ya uchumi tangu miaka mbili, na sikufikiria kuleta hata kaye ya hesabu ya franka mia tano. Ninawaomba musamaha.

Kama pesa ya banderole inatushinda, siku tutapata kubwa itakuwa nini? Ninapendekeza mambo tatu, tuanze leo. Moja: kaye ya hesabu ibakie juu ya meza, kila mutu aifungue wakati anataka. Mbili: pesa ishikwe na watu wawili, wabadilishwe kila miezi tatu. Tatu: kesho jioni tuende nyumbani kwa wale wawili waliokasirika. Si kuwapigia simu, tuende na miguu.

Roger hakungojea gitare. Alichukua mukebe. Kwetu mukebe ni ile kaye. Nimeinunua asubuhi, hii hapa. Nani atakuwa wa kwanza kuandika?