Kocha Aliyewahi Kufungwa: Hoja Dhidi ya Cheti cha Tabia Njema



Mwenzangu mmoja katika taaluma ya michezo anashikilia kwamba mtu aliyewahi kutiwa hatiani mahakamani asikabidhiwe mwanamichezo yeyote, awe mtoto wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, au bondia wa kulipwa. Dawa yake ni moja: kila kocha alete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967 ninyi makocha mnaijua, kanuni za mashirikisho mnazijua, naziruka. Leo nina ugomvi na cheti.

Cheti hicho kinasema nini hasa? Kwamba mwenye nacho hajatiwa hatiani, basi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ni kali, lakini sote tunajua ni kesi ngapi za watoto humalizwa sebuleni, wazee wa pande mbili wakiwa wamekaa na bahasha imeshapita. Aliyemalizana na wazee anapata cheti safi. Anayekikosa ni yule asiye na ndugu wa kumsemea.

Mfano ninaoupenda hautoki kwetu, lakini mnivumilie. Mwishoni mwa 2002 wanariadha wa Marekani, Marion Jones na Tim Montgomery, walimwacha kocha wao Trevor Graham wakaenda kwa Charlie Francis wa Kanada. Francis ndiye aliyemnoa mkimbiaji Ben Johnson, na mwaka 1989, mbele ya tume ya Jaji Dubin iliyochunguza dawa michezoni, alieleza kwa kinywa chake habari za dawa za kuongeza nguvu alizowapa wanariadha wake. Dunia ikapiga kelele, na mwaka 2003 wakalazimika kumwacha. Graham, wakati anaachwa, hakuwa na doa lolote lililojulikana. Lakini Jones alipokiri mwaka 2007, kipindi alichokiri kutumia dawa, kuanzia Septemba 2000 hadi Julai 2001, kilikuwa kipindi cha Graham. Mwaka 2008 Graham mwenyewe akatiwa hatiani kwa kuwadanganya wapelelezi, akafungiwa kazi za michezo maisha. Kwa kipimo cha mwenzangu, Graham wa mwaka 2000 angepokewa kwa makofi.

Turudi kwetu, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Hapa kwetu neno “mhalifu” mara nyingi ni kijana aliyenaswa na mifuko ya sukari kwenye njia ya panya kati ya Nakonde ya Zambia na Tunduma yetu. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inamnyima ubunge aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali, lakini ikiwa tu ni ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Ibara ya 39 inamwekea mgombea urais sharti hilohilo. Kwa hiyo mkwepa kodi wa miaka kumi iliyopita anaweza kuapishwa kuongoza nchi. Mwenzangu hataki apulize filimbi kwenye uwanja wa vumbi pale Tunduma!

Nilipokuwa kijana nilicheza timu ya mtaa chini ya mwalimu aliyewahi kufungwa kwa magendo. Tukienda mechi ya ng'ambo alitukagua mabegi soksi kwa soksi, maana alijua jinsi mfanyabiashara anavyomtumia mtoto mwenye jezi kuvusha mzigo. Hakuwa malaika, matusi yake nayakumbuka mpaka leo. Najua kisa cha mtu mmoja si ushahidi. Nimekitaja kwa kuwa nakipenda.

Sasa andiko nisilochoka kulisoma: kipengele cha 2.10 cha Kanuni ya Dunia ya Kupambana na Dawa Michezoni, kilichoanza kutumika 1 Januari 2015. Kinamkataza mwanamichezo kushirikiana kikazi na kocha, daktari au wakala aliyefungiwa, au aliyetiwa hatiani hata na mahakama ya jinai, kwa kitendo cha dawa. Ushauri wa mazoezi, lishe, tiba, uwakala: vyote vimo, hata bila malipo ya senti moja. Lakini soma kwa makini. Aliyeiba ng'ombe hakimgusi kabisa. Kwa asiye chini ya mamlaka ya michezo, katazo hudumu miaka sita, au muda wa adhabu yenyewe kama ni mrefu zaidi. Na mwanamichezo haadhibiwi mpaka ithibitishwe kwamba alijua hali ya kocha wake. Aina ya kosa, muda, kujua: cheti cha polisi hakimwulizi mtu lolote kati ya hayo.

Namkubalia mwenzangu jambo moja, tena bila kinyongo. Aliyemdhuru mtoto asirudi kwa watoto, hata miaka ipite mingapi. Tazameni jinsi makosa mawili ya kocha mmoja wa riadha wa Marekani yalivyopimwa tofauti: Alberto Salazar alifungiwa miaka minne kwa makosa ya dawa mwaka 2019. Mwaka 2021 chombo cha SafeSport cha Marekani kikamfungia maisha kwa unyanyasaji, ingawa mwenyewe alikana. Mizani hiyo naikubali, kwa sababu ukocha wenyewe unampa mtu mamlaka juu ya mwili wa mwingine, na aliyeyatumia vibaya mamlaka hayo ameharibu kazi hiyohiyo anayoiomba.

Waliobaki, aliyeuza gongo, aliyepigana kilabuni, aliyevusha sukari, nawataka kambini, kwa sharti moja ambalo sitaliacha hata mkinizomea. Bondia mtu mzima aambiwe, kisha aamue mwenyewe. Kwa watoto, kabla ya kambi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kocha asimame mbele ya wazazi, aseme alifungwa kwa nini na lini, nao wamwulize watakacho. Anayekataa kusimama hapo simpi timu, hata kama cheti chake kimetoka polisi leo asubuhi.